Kinga mbili zilizoondoka kwa pamoja: uchambuzi wa kisa cha ujauzito katika wiki za sindano ya kupunguza uzito

Mama wa miaka 33, mkazi wa Dar es Salaam mwenye mtoto mmoja wa miaka 7, alifika kliniki akilalamikia kichefuchefu kisichokoma. Alikuwa katika wiki ya 17 ya kujichoma tirzepataidi, dawa ya kupunguza uzito inayouzwa kwa jina la Mounjaro, na alichokuja kuomba ni dawa ya kutuliza tumbo ili aweze kupanda dozi inayofuata. Kipimo cha mkojo kilionyesha kwamba ni mjamzito. Ultrasaundi iliyofanyika siku hiyohiyo ilionyesha mimba ya takribani wiki 8, yenye mapigo ya moyo. Muda wote huo alikuwa na pakiti ya vidonge vya majira ndani ya mkoba wake, na alipoambiwa majibu aliitoa na kuiweka mezani kama mtu anayetoa ushahidi.

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha hali zinazojirudia, si rekodi ya mgonjwa mmoja, na hakuna jina wala alama ya mtu halisi ndani yake. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo maelezo mafupi kuhusu sindano hizi hulipita: ujauzito wa namna hii mara nyingi hauna sababu moja, bali huja pale mambo mawili yanapotokea katika wiki zilezile, kila moja likifungua mlango ambao lingine lingeweza kuufunga.

Tuanze na historia yake, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kila kilichofuata. Akiwa na miaka 22 aliambiwa ana tatizo la PCOS, lile ambalo wengi huliita mvurugiko wa homoni au vivimbe kwenye vifuko vya mayai. Hedhi yake ilikuwa ikija baada ya miezi miwili, mara nyingine mitatu. Mtoto wake wa kwanza alipatikana baada ya miaka kadhaa ya kusubiri na dawa za kupevusha mayai. Baada ya kujifungua alianzishiwa vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, na lengo lililotajwa siku ile lilikuwa kuweka hedhi sawa. Neno la kuzuia mimba halikusisitizwa, na hakuona haja ya kuliuliza. Kwa miaka yote iliyofuata alivimeza kama dawa ya hedhi: akisahau siku mbili hashtuki, akisafiri bila pakiti anaendelea akirudi. Maneno yake mwenyewe yalikuwa, «Sista, mimi na mimba tulishaachana zamani.»

Alikuwa na kilo 96 kwa urefu wa sentimita 160, yaani BMI, kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, ya 37.5. Wifi yake anayeishi Dubai alimletea kalamu za sindano katika chupa ya barafu, na ili zienee kwenye mzigo, maboksi yalichanwa na kutupwa pamoja na karatasi za maelezo zilizokuwamo. Ninalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu onyo lililomhusu mama huyu limechapishwa katika karatasi hiyo. Elimu aliyoipata ilikuja kwa ujumbe wa sauti: choma mara moja kwa wiki, anza na miligramu 2.5, panda kila baada ya wiki nne, kula kidogo, kunywa maji. Kwa upande wa dozi, ujumbe ule ulikuwa sahihi kabisa. Kuhusu vidonge vya majira haukuwa na neno hata moja.

Wiki nane za mwanzo zilipita salama, kwanza kwa miligramu 2.5, kisha 5. Wiki ya 8 ilikuwa pia wiki yake ya vidonge vya kahawia, vile saba vya mwisho wa pakiti vyenye madini ya chuma tu na visivyo na homoni. Mwanzoni mwa wiki ya 9 mambo mawili yalianza siku moja: pakiti mpya, na dozi ya miligramu 7.5. Usiku wa pili alitapika. Akaendelea kutapika kwa siku nne, mara nyingi jioni, saa moja au mbili baada ya kumeza kidonge pamoja na chakula cha usiku. Siku mbili zilizofuata hakumeza kidonge chochote, kwa kuwa hata harufu ya maji ilimchefua. Alipopata nafuu aliendelea na pakiti palepale alipoachia. Mizani ya wiki hiyo ilisoma kilo 90.5, na kwake hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya wiki.

Hapa inafaa kusimama na kuangalia tumbo lenyewe. Tirzepataidi hufanya kazi, pamoja na mambo mengine, kwa kuchelewesha chakula kutoka tumboni kwenda kwenye utumbo mwembamba, na ndiyo maana mtu hushiba mapema na kukaa muda mrefu bila njaa. Lakini tumbo halitenganishi ugali na kidonge. Kidonge cha majira hufyonzwa zaidi kwenye utumbo, na kikichelewa kufika huko, homoni huingia katika damu taratibu na kwa kiwango cha chini. Watengenezaji, kampuni ya Eli Lilly, walipima jambo hili kwa wanawake waliopewa dozi moja ya miligramu 5 pamoja na kidonge chenye estrojeni na nojestimeti, ambayo ni aina ya projestini. Kilele cha estrojeni katika damu kilishuka kwa asilimia 59, vilele vya projestini vikashuka kwa asilimia 66 na 55, na muda wa kufikia kilele ukachelewa kwa saa 2.5 hadi 4.5. Jumla ya homoni iliyoingia mwilini ilipungua kwa kiasi kidogo zaidi, kati ya asilimia 20 na 23. Tofauti hiyo ya kilele na jumla ni ya kuzingatiwa, kwa sababu inaonyesha kwamba kidonge hakigeuki kuwa chaki, kinadhoofika. Kipimo kile kilihusu homoni katika damu, hakikuhesabu mimba. Hata hivyo kilitosha kuifanya karatasi ya dawa imshauri kila anayemeza vidonge vya kuzuia mimba ahamie njia isiyopita tumboni, au aongeze kondomu kwa wiki 4 tangu anapoanza sindano na kwa wiki 4 nyingine kila anapopandisha dozi.

Ucheleweshaji huo wa tumbo huwa mkubwa zaidi baada ya dozi ya kwanza, kisha mwili huzoea, na hapo ndipo zinapotoka wiki nne hizo. Ila ukiweka kalenda mezani utaona jambo ambalo maneno «wiki nne» yanaweza kulificha. Dozi hupanda kwa ngazi za miligramu 2.5 hadi 15, na ngazi moja haiwi chini ya wiki nne. Mtu anayepanda kila inaporuhusiwa hupita ngazi sita, na wiki nne za tahadhari za ngazi moja zinaishia pale za ngazi inayofuata zinapoanza. Kwake tahadhari ni ya miezi mitano na nusu mfululizo, wiki 24, bila siku hata moja ya kupumzika katikati. Mama huyu alikuwa ndani ya dirisha hilo tangu sindano ya kwanza hadi siku aliyopimwa.

Hapo sijagusa kutapika, ambako kwa maoni yangu ndiko kulikofanya madhara makubwa zaidi katika kisa hiki. Mwongozo wa Uingereza unasema anayetapika ndani ya saa 3 tangu ameze kidonge ameze kingine, na anayeharisha sana kwa zaidi ya saa 24 azihesabu siku hizo kama siku alizosahau kidonge. Ushauri huu hauhusu tirzepataidi peke yake. Semaglutaidi, ambayo ni Ozempic na Wegovy, ilipopimwa haikupunguza homoni za vidonge kwa kiwango chenye maana kitabibu, na kwa hiyo haidai kondomu ya ziada kwa sababu ya ufyonzwaji. Lakini nayo hutapisha na kuharisha watu wengi, na kidonge kilichotapikwa hakiulizi ni sindano gani iliyokitoa.

Kuna ubaya mwingine katika siku alizotapika, nao ni mahali zilipoangukia. Watu wengi hudhani kusahau vidonge katikati ya pakiti ndiko kubaya zaidi, kumbe siku za hatari kubwa ni zile zinazopakana na wiki ya kahawia. Siku saba bila homoni ndizo nafasi ndefu kuliko zote ambayo mpangilio wa kidonge unairuhusu; ndani ya siku hizo vifuko vya mayai huanza kujinyoosha, na kidonge cha kwanza cha pakiti mpya huvirudisha usingizini. Kwa mama huyu siku saba zilifuatwa na siku moja tu ya kidonge kilichotulia, kisha nne za kutapika, kisha mbili za kuacha kabisa. Mwili wake ulikaa karibu wiki mbili bila homoni ya kutosha. Kwa umri wa mimba uliosomwa kwenye ultrasaundi, yai lilitungwa yapata wiki ya 11. Hesabu zinakubaliana.

Mtu anaweza kuuliza: kama amekuwa akivimeza vidonge ovyo kwa miaka, akisahau hapa na pale, kwa nini ashike mimba sasa? Swali hili ndilo moyo wa kisa, na jibu lake haliko tumboni wala katika vidonge.

Katika PCOS mwili wa wanawake wengi hauitikii insulini ipasavyo, hivyo kongosho hutoa nyingi zaidi, na insulini hiyo ya ziada huvichochea vifuko vya mayai kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mayai huanza kukua na kukwama kabla hayajapevuka. Yai lisipopevuka hakuna mimba, na hedhi huja ikitaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tatizo hili linawagusa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nalo hawajawahi kuambiwa. Habari njema, na inajulikana kwa miongo mingi kabla ya sindano hizi kuwepo, ni kwamba kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito kunaweza kuwarudishia wengi wao upevukaji wa yai. Kwa mwenye kilo 96, asilimia 5 ni pungufu kidogo ya kilo 5. Mama huyu alikuwa ameupita mstari huo kufikia wiki ya 9, huku bado anajiona mnene na bado ana safari ndefu mbele yake.

Kwa hiyo miaka yote ile alikuwa na kinga mbili, ingawa aliijua moja. Ya kwanza ilikuwa kidonge, ambacho hakukiheshimu sana. Ya pili ilikuwa ugonjwa wake wenyewe, ambao kila aliposahau kidonge ulisimama mlangoni kwa niaba yake, kwa kuwa vifuko vilivyoachwa huru havikupevusha chochote. Sindano iliidhoofisha ile ya kwanza kwa tumbo lililochelewa na kwa matapishi, na katika wiki hizohizo ikaiondoa ya pili kwa kushusha uzito. Kwa mwanamke asiye na PCOS, anayepevusha kila mwezi, makosa ya miaka iliyopita yangekwisha kumfundisha ukali wa kidonge. Mama huyu hakuwahi kupata somo hilo, na hakuna aliyemwambia kwamba siku ya kulihitaji imefika.

Ndiyo sababu sikubali maelezo mepesi kwamba dawa hizi zinaongeza uzazi. Tirzepataidi haikupewa kibali kama dawa ya ugumba. Kinachorudi ni uwezo wa mwili uliokuwa umezimwa na uzito na insulini, na ungeweza kurudi hata kwa mtu aliyepungua kwa mlo na mazoezi. Tofauti ni kasi, na ni kwamba mlo na mazoezi havimtapishi mtu vidonge vyake. Madaktari wa upasuaji wa kupunguza uzito walilijua jambo hili zamani. Kwa kawaida humshauri mwanamke asibebe mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na humpangia njia ya uzazi wa mpango kabla ya siku ya kisu. Sindano zimefika mikononi mwa watu kwa njia nyingine, kupitia mizigo ya ndugu na simu, na mazungumzo yale hayakusafiri nazo.

Ujauzito ulichelewa kugundulika, na ucheleweshaji huo nao una mantiki yake ya kusikitisha. Katika wiki ya 12 damu haikutoka kwenye vidonge vya kahawia. Alidhani tatizo lake la zamani limerudi. Katika wiki ya 13 alipanda hadi miligramu 10, na kichefuchefu kilipozidi aliilaumu dozi. Wiki ya 16 damu haikutoka tena. Kila dalili ya mimba ilikuwa na maelezo mengine yaliyo tayari, na kila maelezo yalikuwa ya busara. Mwanamke anayetumia sindano hizi hawezi kukitegemea kichefuchefu kimwambie chochote; kipimo cha mkojo cha bei ndogo, kikipimwa mara damu inapokosekana, kingempa jibu wiki tatu au nne mapema na kumwepusha na sindano kadhaa.

Siku ile sindano ilisimamishwa, na vidonge vya majira pia. Alielezwa kwamba kumeza vidonge hivyo bila kujua katika wiki za mwanzo hakujaonekana kusababisha kasoro kwa mtoto, na uso wake ulibadilika aliposikia hivyo, kwa kuwa ndilo lililokuwa likimla. Kuhusu tirzepataidi alielezwa ukweli bila kupambwa. Panya waliopewa dawa hiyo wakiwa na mimba walipata vijusi vyenye kasoro na uzito mdogo, katika dozi ambazo mama mwenyewe alikuwa amepunguza kula na kukonda. Kwa binadamu, utafiti mkubwa wa nchi za Nordik, Marekani na Israeli uliangalia wanawake 938 wenye kisukari waliotumia dawa za kundi la semaglutaidi karibu na mwanzo wa mimba, na kasoro kubwa hazikuwa nyingi zaidi kuliko kwa waliotumia insulini. Huo unahusu dawa za jamii moja na yake, si yake hasa. Dawa yenyewe hupungua nusu kila baada ya siku 5 hivi, kwa hiyo huchukua takribani mwezi kwisha mwilini. Ndiyo maana ushauri wa Uingereza ni kuiacha mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba, na semaglutaidi, inayokaa zaidi, miezi miwili. Alianzishiwa vidonge vya foliki, akapimwa sukari mapema kwa sababu PCOS na uzito humweka karibu na kisukari cha mimba, na akapangiwa ultrasaundi ya kuangalia viungo vya mtoto. Alionywa pia kwamba njaa itarudi, na kwamba ujauzito si wakati wa kupigana nayo kwa kujinyima.

Nani angeuliza? Wifi alifanya wema aliokuwa nao. Muuzaji wa duka la dawa alimuuzia pakiti za vidonge kila mwezi bila kujua habari za sindano, kwa kuwa hakuuliza dawa nyingine anazotumia. Aliyemwandikia vidonge miaka saba nyuma hakuwa na namna ya kujua kitakachokuja. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilitoa mwongozo wa wazi wa uzazi wa mpango kwa watumiaji wa sindano hizi, ikiwa imepokea ripoti zaidi ya 40 zinazohusu ujauzito. Na huko dawa huandikwa na mtaalamu na kuuzwa na maboksi yake. Kwetu, mtu pekee aliyekuwa na habari zote mbili kwa wakati mmoja alikuwa mama mwenyewe, ambaye hakuambiwa kwamba zinahusiana. Swali moja la mhudumu yeyote, «Dada, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango, na unachoma au kumeza nini kingine?», lingeziweka pamoja.

Kondomu ingetosha kwa wiki zile, lakini tusijidanganye kuhusu ugumu wake ndani ya ndoa, ambamo kuitaja huweza kusikika kama shutuma. Ni rahisi zaidi mhudumu akimwandikia mama idadi ya wiki na sababu yake, ili aende nyumbani na maelezo ya dawa, si na tuhuma. Na ingefaa ajue kwamba P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nayo hupita tumboni. Kwa anayetapika, kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya siku 5 ndicho cha kutegemewa.

Katika ziara ya pili alikuja na mumewe, na mazungumzo yakahusu baada ya kujifungua. Wameupokea ujauzito. Sindano hataki kuirudia akinyonyesha, lakini anataka kuirudia baadaye, na safari hii anataka njia isiyojua tumbo lina nini. Sindano ya miezi mitatu aliikataa mwenyewe, kwa kuwa amesikia, na ni kweli kwa baadhi ya wanawake, kwamba huongeza mwili. Kijiti alikifikiria. Kitanzi cha shaba kingewekwa ndani ya saa 48 za kujifungua, kabla hajatoka wodini, ila hakina homoni, na hedhi ikianza tena kukaa miezi mitatu bila kuja, ukuta wa mji wa mimba utanenepa bila kinga. Kitanzi chenye homoni kingeulinda ukuta huo na kuzuia mimba kwa pamoja, bila kupita tumboni. Aliomba jina la kitanzi hicho liandikwe kwenye kadi ya kliniki, na chini yake iandikwe dozi na tarehe ya sindano ya mwisho aliyochoma. Mumewe aliipiga picha kadi hiyo kabla hawajaondoka.